Msimamizi Asimtegemee Anayemsimamia: Bunge, Serikali na Katiba Tunayoisubiri



Ibara ya 63 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inalitaja Bunge kuwa chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali na vyombo vyake vyote. Ibara hiyohiyo inaorodhesha njia za kufanya kazi hiyo: kumuuliza waziri yeyote swali lolote linalohusu mambo ya umma, kujadili utekelezaji wa kila wizara wakati wa bajeti, kujadili na kuidhinisha mipango ya taifa, kutunga sheria, na kuridhia mikataba inayotaka kuridhiwa. Kwenye karatasi hayo ni madaraka makubwa.

Swali ninalotaka tulijadili jioni hii ni hili: kwa nini madaraka hayo yanatumika kwa ukali mwaka mmoja, kisha yanalala miaka mingine mitano, ilhali ibara ni ileile? Jibu langu nalitoa mapema, ili mnipime nalo hadi mwisho. Usimamizi wa Bunge letu umekuwa ukitegemea watu na majira ya siasa, kwa sababu Katiba imemfanya msimamizi amtegemee anayemsimamia. Kiti cha mbunge, uhai wa Bunge lenyewe na usalama wa mkaguzi anayelipa Bunge ushahidi, vyote vina kamba inayoishia mikononi mwa Serikali au mwa chama kinachoiunda. Katiba mpya isipozikata kamba hizo, itakuwa mpya kwa jalada tu.

Miaka ambayo Bunge lilisimama

Tuanze na ushahidi kwamba jambo hili linawezekana.

Mwaka 2006 nchi ilikuwa kwenye ukame na mgawo mkali wa umeme. Serikali ikaingia mkataba wa umeme wa dharura wa megawati 100 na kampuni ya Richmond. Umeme haukuja kama ulivyoahidiwa, na baadaye mkataba ukahamishiwa kampuni nyingine, Dowans. Novemba 2007 Bunge, likiongozwa na Spika Samuel Sitta, liliunda Kamati Teule ya wabunge watano chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe. Kamati iliita mashahidi, ikasoma nyaraka za zabuni, ikafuatilia uwezo wa kampuni hiyo. Taarifa yake ilisomwa bungeni tarehe 6 Februari 2008. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Edward Lowassa alitangaza kujiuzulu, na mawaziri wawili, Nazir Karamagi na Dkt. Ibrahim Msabaha, wakaondoka pia. Rais Jakaya Kikwete akalivunja Baraza la Mawaziri na kuliunda upya.

Haikuishia hapo. Aprili 2012, baada ya taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha matumizi mabaya katika wizara kadhaa, mbunge wa upinzani Zitto Kabwe alikusanya saini za wabunge, wa chama tawala wakiwemo, kwa ajili ya hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Hoja yenyewe haikufika kwenye kura, lakini Mei mwaka huo mawaziri sita waliachwa nje ya Baraza. Desemba 2013 kamati iliyoongozwa na James Lembeli ilileta taarifa ya madhila waliyofanyiwa wananchi katika Operesheni Tokomeza, msako dhidi ya majangili, na mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Novemba 2014 Kamati ya Hesabu za Serikali ilileta taarifa ya fedha zilizotolewa katika akaunti ya Tegeta Escrow, zaidi ya shilingi bilioni 300. Katika miezi miwili iliyofuata Mwanasheria Mkuu alijiuzulu, waziri mmoja akaondolewa na mwingine akajiuzulu.

Ukiyatazama matukio hayo manne utaona mnyororo mmoja. Kwanza kuna ushahidi, mara nyingi kutoka kwa mkaguzi au kamati yenye uwezo wa kuita mashahidi. Pili kuna Spika anayeruhusu taarifa isomwe na ijadiliwe. Tatu kuna wabunge wa chama tawala walio tayari kusimama na wenzao wa upinzani. Nne kuna wananchi wanaofuatilia, kwa sababu miaka ile mtu aliweza kulitazama Bunge moja kwa moja kwenye televisheni ya taifa. Ikikatika pete moja, mnyororo wote unalegea.

Na pete zilikatika. Novemba 2010 chama tawala kiliamua kwamba mgombea wake wa uspika awe mwanamke. Mama Anne Makinda akaandika historia kama Spika mwanamke wa kwanza, na Sitta, aliyeruhusu taarifa ya Richmond isomwe, hakupata nafasi ya kugombea. Sina neno dhidi ya Mama Makinda. Mjadala wa Escrow ulifanyika yeye akiwa kitini. Ninachotaka mkione ni kwamba uamuzi wa nani aongoze mhimili wa pili wa dola ulifanywa kwenye vikao vya chama kinachoongoza mhimili wa kwanza. Januari 2016 matangazo ya moja kwa moja ya Bunge kwenye televisheni ya taifa yalisitishwa. Kisha chaguzi za 2020 na 2025 zikatupa Bunge ambalo karibu wote waliomo ni wa chama kimoja. Hakuna ibara hata moja ya usimamizi iliyofutwa katika miaka hiyo. Zilikosa tu mtu wa kuzitumia.

Kamba ya kwanza: kiti cha mbunge

Ibara ya 71 inasema mbunge atakoma kuwa mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini. Wananchi wa jimbo wanaweza kumpa kura elfu hamsini, lakini kikao cha chama kinaweza kumwondoa alasiri moja. Jambo hili tunalo tangu zamani. Oktoba 1968, enzi za chama kimoja, TANU iliwafukuza wabunge kadhaa, na viti vyao vikaondoka pamoja na kadi zao. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992 tulibadilisha idadi ya vyama, kamba tukaiacha.

Tena utekelezaji wake unategemea nani yuko kitini. Julai 2017 wabunge wanane wa viti maalum wa CUF walivuliwa uanachama na upande mmoja wa chama kilichokuwa kwenye mgogoro, na viti vyao vikatangazwa wazi mara moja. Novemba 2020 CHADEMA iliwavua uanachama wabunge 19 wa viti maalum, na wao wakabaki bungeni, kesi zikiendelea, mpaka Bunge lile lilipomaliza muda wake. Ibara ni moja, matokeo mawili. Sheria inayofanya kazi kwa kasi mbili tofauti haimlindi mbunge wala haimlindi mpiga kura.

Matokeo yake mnayaona wakati wa bajeti. Kanuni zinampa mbunge njia nzuri ya kumbana waziri: kushika shilingi ya mshahara wake mpaka atoe maelezo yanayoridhisha. Ni silaha ya heshima. Lakini tumezoea kusikia mbunge akishika shilingi, waziri akiahidi kwamba jambo linafanyiwa kazi, na shilingi ikarudi kabla ya jua kuzama. Mbunge anajua kwamba miaka michache ijayo jina lake litapita kwenye vikao vilevile vya chama. Anajua pia kwamba sifa zinalipa kuliko maswali. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Serikali inayosifiwa katika kila mchango, kabla hata hotuba ya waziri haijasomwa vizuri, haina sababu ya kujirekebisha.

Kamba ya pili: uhai wa Bunge

Ibara ya 62 inamfanya Rais kuwa sehemu moja ya Bunge. Ibara ya 66 inamruhusu kuteua wabunge wasiozidi kumi. Ibara ya 87 inampa uteuzi wa Katibu wa Bunge. Ibara ya 90 inamruhusu kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali, au likikataa hoja ambayo ni ya msingi katika sera za Serikali na yeye akaona njia ni kuitisha uchaguzi. Na muswada ambao Rais ameurudisha ukipitishwa tena kwa theluthi mbili, bado anaweza kuchagua kulivunja Bunge badala ya kuusaini.

Maana yake ni kwamba kila mbunge anayetaka kukataa bajeti anajiuliza kwanza kama yuko tayari kurudi kwenye kampeni mwezi ujao. Mwaka 1973 wabunge waliukataa Muswada wa Kodi ya Mapato. Walielezwa wazi kwamba Bunge linaweza kuvunjwa, na muswada uliporudi ulipita. Tangu hapo hakuna aliyehitaji kurudia somo hilo. Ongezeni Ibara ya 99, inayomzuia mbunge kuleta pendekezo la kuongeza kodi au matumizi bila Rais kuridhia kupitia waziri wake, mtaelewa kwa nini mjadala wa bajeti unachukua wiki nyingi Dodoma na tarakimu zikatoka karibu kama zilivyoingia.

Hapa inaingia pia Ibara ya 55, inayotaka mawaziri wote na naibu mawaziri watoke miongoni mwa wabunge. Wapo wanaoitetea, na hoja yao ina uzito: waziri aliye mbunge anakaa ukumbini, anajibu maswali asubuhi, anasikia kero za majimbo kwa masikio yake, na yeye mwenyewe ana jimbo la kulijibu. Nakubali faida hiyo. Lakini pimeni na gharama yake. Mbunge kijana, hodari na msomi anaingia bungeni akiwa na malengo mawili: kuisimamia Serikali, na siku moja kuteuliwa ndani yake. Malengo hayo hayakai pamoja. Hodari wakishateuliwa, Bunge limepungukiwa. Wasipoteuliwa, wengi wao wananyamaza wakisubiri. Waziri anaweza kulazimika kufika bungeni kujibu maswali bila kuwa na kura humo ndani.

Kamba ya tatu: macho ya Bunge

Mbunge hawezi kukagua hesabu za halmashauri zote, mashirika yote na wizara zote. Macho yake ni Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu. Katiba yetu, katika Ibara ya 143, imeweka kipengele kimoja kizuri kuliko vingi: Rais akipokea taarifa ya mkaguzi na asichukue hatua ya kuifikisha bungeni kwa wakati, mkaguzi mwenyewe anaikabidhi kwa Spika. Ibara hiyo haisubiri hisani ya mtu. Inajitekeleza yenyewe. Laiti zote zingeandikwa hivyo.

Lakini mwaka 2019 tuliona jinsi macho yanavyoweza kufumbwa. Profesa Mussa Assad, akiwa Mkaguzi Mkuu, alisema katika mahojiano kwamba kutofanyiwa kazi kwa taarifa zake ni udhaifu wa Bunge. Aliitwa mbele ya kamati ya maadili, na tarehe 2 Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Tafakarini azimio hilo: wasimamizi wa Serikali wanakataa kufanya kazi na mtu ambaye kazi yake ni kuwaletea ushahidi. Novemba mwaka huo nafasi yake ikapewa mtu mwingine. Desemba 2022 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kuondolewa kwake kulikwenda kinyume cha Katiba. Hukumu ilikuja miaka mitatu baadaye, na yeye alikuwa ameshaondoka ofisini.

Kuna pia tatizo la muda. Chukueni mwaka wa fedha wa 2021/22. Ulianza Julai 2021, ukaisha Juni 2022. Taarifa ya ukaguzi wake ilifika bungeni Aprili 2023, na mjadala wa kina ukafanyika Novemba 2023. Shilingi iliyotumika vibaya mwanzoni mwa mwaka huo ilijadiliwa baada ya miezi zaidi ya 24. Wahusika wengi kwa wakati huo wamehamishwa vituo au wamestaafu.

Na Spika mwenyewe hayuko salama. Mwishoni mwa 2021 Spika Job Ndugai, marehemu sasa, alizungumzia kwa wasiwasi ukuaji wa deni la taifa. Alikosolewa vikali ndani ya chama chake, akaomba radhi, na Januari 2022 akajiuzulu. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu uongozi wake, na mimi ninayo. Lakini deni la taifa ni jambo ambalo Spika wa Bunge lolote duniani anapaswa kulizungumza bila kuhesabu siku zake kitini.

Tulichokipoteza mwaka 2014

Hatukukosa fursa ya kuyarekebisha haya. Sheria ya Mabadiliko ya Katiba ilipitishwa mwaka 2011, na mwaka uliofuata Tume ya Jaji Joseph Warioba ikazunguka nchi nzima. Rasimu yake ya pili ilitolewa Desemba 2013. Humo mliandikwa kwamba mawaziri wasiwe wabunge, kwamba ubunge uwe na ukomo wa vipindi, kwamba wananchi waweze kumwondoa mbunge wao kabla ya muda, na kwamba Baraza la Mawaziri liwe dogo. Kwa suala la usimamizi, ile ilikuwa rasimu bora kuliko zote tulizowahi kuwa nazo.

Bunge Maalum lilianza Februari 2014, na karibu nguvu zake zote zikaenda kwenye swali moja: serikali mbili au tatu. Aprili 16 wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka ukumbini. Waliobaki walipitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba 2014, na vipengele vya ukomo wa ubunge na vya kumwondoa mbunge havikuwamo tena. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika 30 Aprili 2015 ikaahirishwa, na haijafanyika hadi leo.

Swali la Muungano ni zito na lina haki ya kujadiliwa kwa kina. Lakini somo la 2014 ni kwamba ukilifunga suala la usimamizi wa Serikali kwenye gunia moja na suala la muundo wa Muungano, yote mawili yanabaki njiani. Na wabunge, waliokuwa sehemu kubwa ya Bunge Maalum, waliachiwa kuamua kuhusu ukomo wao wenyewe na kuondolewa kwao wenyewe. Tusishangae walivyoamua.

Kwa jirani yetu

Kenya ilizikata baadhi ya kamba hizi tarehe 27 Agosti 2010. Mawaziri wao si wabunge, idadi yao haizidi 22, na jina la kila mmoja hupita Bunge la Taifa kabla hajaapa. Agosti 2024 Bunge hilo lilimkataa mmoja wa walioteuliwa na Rais. Oktoba mwaka huohuo Bunge la Taifa na Seneti vilimwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua kwa utaratibu ulioandikwa kwenye Katiba.

Lakini Kenya hiyohiyo inatuonya. Tarehe 25 Juni 2024 wabunge wengi waliupitisha Muswada wa Fedha ambao vijana nchi nzima walikuwa wakiupinga mitaani. Watu walikufa siku ile. Siku ya pili Rais William Ruto akatangaza kwamba hatausaini. Kazi ambayo Bunge lilipaswa kuifanya ukumbini kwa kura ilifanywa barabarani kwa damu. Katiba nzuri haimpi mbunge ujasiri ambao hana. Inachofanya ni kumlinda yule aliye nao, asiadhibiwe kwa sababu ya kuutumia. Kwa nchi ambayo tayari imeona wabunge wake wakisimama mara nne katika miaka saba, ulinzi huo ndio tunaokosa.

Tufanye nini

Katika kampeni za 2025 Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi kuanzisha mchakato wa Katiba mpya ndani ya siku 100 za kwanza za muhula wake. Uchaguzi wa 29 Oktoba ulifuatwa na machafuko na vifo ambavyo bado vinatuumiza. Baada ya maumivu hayo, mchakato wa Katiba hauwezi kuwa wa kuwafurahisha wanasiasa. Lazima uanze na mambo yanayomgusa mwananchi aliyekosa mtu wa kumsemea.

Napendekeza tuanze na Bunge, na tusisubiri Katiba nzima ikamilike. Katiba hii imefanyiwa mabadiliko mara 14 tangu 1977, na Ibara ya 98 inaeleza njia: kura ya theluthi mbili ya wabunge. Kwa njia hiyo hata ndani ya mwaka mmoja tunaweza kufanya haya. Mbunge aliyechaguliwa na wananchi asipoteze kiti kwa kufukuzwa na chama. Akihama kwa hiari yake, hilo ni jambo jingine. Bunge lisivunjwe kwa sababu limekataa bajeti. Serikali irudi na bajeti nyingine. Waziri asiwe mbunge, ila alazimike kufika bungeni kila anapoitwa. Katibu wa Bunge ateuliwe na Bunge. Spika asiwe kiongozi wala mgombea wa chama chochote. Mkaguzi Mkuu asiondolewe ila kwa utaratibu wa kijaji, na taarifa yake ijadiliwe ndani ya siku 90 tangu ifike bungeni. Na vikao vyote vya Bunge virushwe moja kwa moja kwenye televisheni na redio ya taifa, kwa mujibu wa Katiba, ili asitokee mtu wa kuvizima.

Mtaniambia kwamba wabunge wa sasa hawatapiga kura ya kujikata kamba. Inawezekana. Ndiyo maana nayasema haya mbele yenu, wala si mbele yao. Wanafunzi mlioko hapa, someni Ibara za 55, 63, 71, 90 na 143. Ni kurasa chache. Kisha mwendeeni mbunge wa jimbo lenu, kwa heshima, akiwa kwenye ziara, kwenye mkutano wa kijiji au ofisini kwake, mkamwulize mbele za watu: kati ya mapendekezo haya, lipi unalipinga, na kwa sababu gani? Liandikeni jibu lake na mlitangaze. Akikosa jibu, msimchague tena.